Mabegi ya dharura yanayouzwa tayari: ya kubakisha, ya kutoa na yanayokosekana

Mabegi ya dharura yaliyofungwa tayari yanauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya kambi hapa Nairobi. Mengi ni mekundu, yameandikwa "saa 72", na muuzaji hukuhakikishia kwamba ukishanunua umemaliza kazi. Hujamaliza. Tunayapa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za filimbi, glavu, tochi ya kichwani, na begi lenyewe kama mishono yake ni imara.

Tatizo ni kwamba yalipangwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, aliyepewa onyo la saa kadhaa, anayeelekea kwa ndugu au hotelini. Huku kwetu watu huhama kwa miguu, mara nyingi usiku, mtoto akiwa mgongoni. Lori la gesi lilipolipuka pale Mradi, Embakasi, tarehe 1 Februari 2024, ilikuwa karibu saa tano na nusu usiku. Aprili mwaka huohuo mafuriko yaliingia nyumba za Mathare usiku. Katika hali kama hizo una dakika, na begi linalokufaa ni lile unaloweza kukimbia nalo.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo begi la dukani linapopwaya. Maji yake huja katika vipakiti vya mililita 125. Hata ukivikuta 12, hiyo ni lita moja na nusu tu. Mtu mmoja anahitaji takriban lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, za kunywa na za chakula. Familia ya watu wanne kwa siku tatu inahitaji lita 30 na zaidi, yaani kilo 30 na zaidi, mzigo ambao hakuna anayeweza kukimbia nao. Basi usijaribu kubeba maji ya siku tatu. Beba chupa ya lita moja kwa kila mtu mzima, dawa ya kutibu maji, na mtungi wa kukunja wa lita 10.

Kwenye dawa ya maji, chagua vidonge. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Cha miligramu 33 hutibu lita 10. Koroga, funika, subiri dakika 30. Soma pakiti kabla ya kulipa, kwa sababu vidonge hivyo vinafanana na dozi hazifanani. WaterGuard ya chupa ni nzuri kwa matumizi ya nyumbani, lakini ndani ya begi ina kasoro mbili: klorini yake ya majimaji hupungua nguvu ikikaa kwenye joto na mwanga, na kifuniko kikilegea kidogo tu hutoa nguo rangi na kula chuma cha zipu. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha weka dozi mara mbili. Maji ya mafuriko yanayonuka mafuta au kemikali usiyaguse. Klorini huua vijidudu, haiondoi petroli, na wakazi wa Mukuru, waliopakana na Industrial Area, wanapaswa kulijua hili kuliko wote.

Ongeza pakiti kadhaa za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayehara, kwa sababu kuhara hufuata mafuriko. Angalia kama pakiti ni ya lita moja au nusu lita. Ukichanganya ya lita moja kwenye nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anaweza kuumia zaidi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, vitakusogeza hadi kituo cha afya.

Kasoro kubwa zaidi ni kile ambacho hakimo: mahali pa karatasi zako. Aliyepoteza blanketi anaweza kupata lingine kambini. Aliyepoteza kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kijitabu cha kliniki, mkataba wa nyumba na vyeti vya shule ataanza safari ya abstract ya polisi, chifu na Huduma Centre, na kila hatua inadai karatasi ya hatua iliyotangulia. Tafuta mfuko usiopitisha maji wa lita 3 hadi 5, ule wa kukunja mdomo. Toa hewa, kunja mdomo mara tatu kamili kisha funga klipu; ukikunja mara moja tu, maji yanapita. Mifuko ya plastiki ya kawaida imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo usipoupata mfuko huo, kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira na klipu nne linatosha. Usitie cheti halisi laminesheni, kwa sababu joto huweza kufifisha wino na mhuri haukaguliki tena. Laminesheni ni ya nakala. Piga picha za kila karatasi ujitumie kwa barua pepe, na kwenye kadi moja andika kwa kalamu namba za simu za watu watano. Simu ikipotea, wengi hawakumbuki hata namba ya mume au mke. Juu ya kadi hiyo andika 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Pesa taslimu ni lazima, na ziwe ndogondogo: noti za 50, 100 na 200. Umeme ukikatika kwa muda mrefu minara ya simu huzimika betri zake zikiisha, na hapo M-Pesa haisomi na wakala amefunga. Ndiyo maana pia tunapendekeza kabambe, simu ndogo ya vitufe, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Inakaa na chaji siku kadhaa, ina tochi, na ikianguka majini hujapoteza kitu kikubwa.

Pawabenki inayokuja na mabegi haya ni ndogo mno kwa simu kubwa. Ukinunua yako Luthuli Avenue, ipime mkononi. Pawabenki halisi ya mAh 10,000 huwa na uzito wa takriban gramu 200. Ikiandikwa 20,000 na ni nyepesi kuliko simu yako, mle ndani hamna kilichoandikwa nje. Hata ile halisi hutoa kama mAh 6,000 tu kwenye simu, kwa sababu umeme unapopandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 nishati hupotea, na namba ya nje hupimwa kwa ile volti ndogo. Ichaji kila miezi mitatu. Tochi ya kuzungusha kwa mkono iache dukani: gia zake ni za plastiki, huvunjika mapema, na mkono unaozungusha hauwezi kumshika mtoto. Tochi ya kichwani ndiyo sahihi, mradi betri zikae nje ya tochi, kwenye kijimfuko chake, zisije zikavuja na kuozesha vibati vya ndani.

Boksi la huduma ya kwanza hujisifu kuwa na vipande zaidi ya mia, na ukivimwaga mezani nusu yake ni plasta za kidole. Plasta kumi zinatosha. Nafasi iliyobaki weka bandeji mbili za kuvutika, gozi tasa (kitambaa cha kidonda kisicho na vijidudu), glavu, makasi, na roli ndogo ya plastiki ya kufungia chakula. Hiyo ya mwisho ni kwa ajili ya moto. Jeraha la kuungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hufunikwa kwa plastiki safi bila kukaza. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kupikia havina nafasi hapo. Hufungia joto na kumpa daktari kazi ya kukwangua.

Kwa anayetumia dawa kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa, pumu au ARV, weka za siku saba. Kila unapochukua dawa mpya kliniki, mpya ziingie begini na za begini zitoke zitumike, zisifikie mwisho wa muda. Insulini isikae humo. Aina nyingi hudumu takriban wiki nne nje ya friji chini ya nyuzi 30. Bandika kikaratasi mlangoni cha kukukumbusha kutoa insulini kwenye friji unapotoka.

Blanketi la karatasi ya fedha hurudisha joto la mwili, lakini huchanika upesi na halisaidii ukilala juu ya sakafu yenye maji. Jozi ya leso ni nzito zaidi, lakini hufanya kazi nyingi zaidi: kumbeba mtoto, kusitiri anayebadilisha nguo kambini, kuchuja maji, kutundika mkono uliovunjika. Zifunge katika plastiki zibaki kavu. Sodo na nepi hazimo katika begi hata moja tuliloangalia, na hilo halina udhuru.

Chakula tusikawie nacho. Biskuti za dharura za kalori 3,600 hazizoeleki kwa watoto. Tende, njugu karanga na glukosi zinafanya kazi ileile. Epuka vya chumvi, vitakumalizia maji. Dira, vijiti vya mwanga na kamba ya nailoni vitoe bila kusitasita. Huendi porini, unakwenda shule au kanisa lililo karibu.

Sasa ufunguo, ambao hakuna kiwanda kitakachokuwekea. Nyumba nyingi za hapa zina grili mlangoni na madirishani, na geti la ploti hufungwa kwa kufuli usiku. Moto ukianza saa nane, anayejua ufunguo ulipo ndiye anayetoka. Ufunguo wa pili wa grili uning'inie kwenye msumari kando ya mlango, mtoto wa miaka saba aufikie, lakini mkono wa mwizi kutoka dirishani usiufikie. Muulizeni keateka geti lina funguo ngapi na nani analala nazo. Begi nalo litundikwe hapohapo, kimo cha kifua. Chini ya kitanda ndiko maji yanakofika kwanza. Viatu vya kufunika mguu vifungwe kwenye mkanda wake. Ukitoka, zima swichi kuu na ufunge mtungi wa gesi, isipokuwa kama unasikia harufu ya gesi: hapo usiguse swichi yoyote, toka tu.

Basi, ununue au usinunue? Mwenye gari na nyumba ya ghorofani mbali na mto anaweza kununua na kurekebisha. Wengine wote, pesa hiyo ipelekeni Gikomba mkatafute begi la mgongoni la mtumba la lita 25 au 30, lenye mkanda wa kifuani. Kabla ya kulipa vuta kamba za mabega kwa nguvu pale zilipoungana na begi, halafu fungua na ufunge zipu mara kadhaa ukiwa umelijaza nguo. Ukishalipanga, simama nalo kwenye mizani ya wale wapima uzito wa kando ya barabara, kisha bila begi, utoe tofauti. Kilo 8 ndiyo kikomo kwa mtu mzima, na kama utambeba mtoto, kilo 5. Likizidi, punguza nguo kwanza, kisha chakula. Karatasi, dawa na vidonge vya maji visiguswe. Likague mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua haijashika.