Mabadiliko katikati ya ujenzi: bei ya mkupuo au siku kwa siku?
Fundi ashaanza kazi, we ndo unataka dirisha lisogezwe. Mkikubaliana bei ya mkupuo kabla, yaani hela moja ya kazi yote hiyo, unajua unatoa ngapi na siku ngapi zinaongezeka, ila naye ataweka cha juu kidogo kwa yale asiyoyaona, si mjinga. Ukilipa kwa siku na vifaa unalipia kilichotumika kweli, lakini lazima ushike risiti zote na daftari la mahudhurio lisainiwe kila jioni, la sivyo mtabishana mpaka basi. Mi kwa dirisha nachukua mkupuo, maana kipimo kinaonekana. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, hapo mkupuo ni kamari, bora siku kwa siku ila muwekeane kikomo, hela ikifika hapo anasimama kwanza anakupigia.