Shupaza mbili mkononi: upige mkwara au ufuate?

Meza ya poka aina ya Texas Hold'em (karata mbili mkononi, tano za wote mezani) ya pesa taslimu, Las Vegas, madau ya lazima dola 1 na 2. Una ree na 5 za shupaza. Mezani zimefunuliwa K na 8 za shupaza, na 3 ya kopa; shupaza moja zaidi inakupa tano za aina moja, mkono wenye nguvu. Katikati kuna dola 40, mpinzani anaweka 20.

Ukifuata, unalipa 20 kuwania 60, kwa hiyo unahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 25 (20 kati ya 80). Shupaza 9 zimo kati ya karata 47 usizoziona: karata ijayo inakupa kama asilimia 19 tu. Kufuata kunalipa endapo jamaa ana chipu nyingi za kukulipa baadaye na si mwepesi wa kushtuka shupaza ya tatu ikitua mezani.

Ukipiga mkwara, yaani ukipandisha dau hadi 70 kumtisha, huenda akatupa karata papo hapo. Akikomaa, bado una takriban asilimia 35 mkiziona karata zote mbili zilizobaki. Mimi napenda mkwara huu kwa mtu mwoga mwenye K na karata dhaifu pembeni yake. Ila yule king'ang'anizi asiyetupa chochote (kila meza anaye mmoja), au aliyebakiwa na chipu kiduchu? Huyo usimtishe, unachoma hela.