Uzoefu wangu: kuagiza kinyago cha mpingo kwa fundi hapa Mtwara

Wadau, kama upo Mtwara na unataka kinyago cha Kimakonde cha maana, usikimbilie kununua kilicho tayari dukani, mtafute fundi umwagize. Mi nimefanya hivo mwaka huu hela ya korosho ilipoingia na nimeridhika sana, ingawa kuna sehemu palikwama.

Nilianzia dukani (silitaji). Nikaoneshwa cha ule mtindo wa ujamaa, watu wamebebana toka chini mpaka juu, muuzaji anasema ni mpingo na ni uchongaji wa mababu toka enzi na enzi. Nikakinyanyua nikaona chepesi mno, nikalowesha kitambaa nikasugua kitako, weusi ukatoka wote. Mti wa kawaida umepakwa kiwi. Mpingo wa kweli ni mzito hatari, ukiutia kwenye maji unazama.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja anachongea nyumbani kwake chini ya mkorosho, baba yake alivuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza. Nilipomsimulia habari ya mababu akakataa palepale. "Mwanangu, huo mtindo umeanza mi mtoto, sio wa mababu."

Na ni kweli kabisa. Wamakonde wamechonga toka zamani, ila vile vya zamani vilikuwa na kazi yake, mfano mapiko ya kuvaa kichwani kipindi cha jando, yana chale za nta usoni na nywele za watu zimepachikwa, na yanachongwa kwa mti mwepesi maana mtu anavaa na kucheza nayo. Mpingo umeshika zaidi na biashara. Mwishoni mwa miaka ya 50 pale Dar kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Mohamed Peera akinunua kazi za wachongaji, Samaki Likankoa akaja na mtindo wa mashetani (viumbe vya ajabu ajabu vya mizimu), na huu wa kubebana anatajwa Roberto Yakobo Sangwani. Sasa mi naumia mtu akisema "mababu" tu basi, wakati hawa ni watu walioacha kwao wakabuni kitu kipya kabisa na majina yao yanajulikana.

Tena hivo vya mababu vyenyewe vingi havipo huku. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akakusanya vitu kibao vikaenda Leipzig. Na kuna lipiko (moja ya hayo mapiko) liliibiwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984, likaja kuonekana Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, mpaka lirudishwe ilikuwa 2010!

Turudi kwa mzee. Hachori wala hapimi, anakaa chini gogo analibana kwa miguu anashuka na tezo, ganda la nje la rangi ya maziwa linaruka ndo weusi unatokea. Kisha patasi, hapo ndo nilikuwa naenda jioni kuangalia tu, anatoboa nafasi kati ya mkono wa mtu mmoja na mgongo wa mwingine taratibu mpaka mwanga unapita. Mwisho tupa na msasa, msasa unakula siku nyingi kuliko unavyofikiria.

Palipokwama: alichelewa sana kuliko tulivyokubaliana, na baada ya kukichukua kikapata ufa mdogo kitakoni kwa sababu gogo halijakauka vizuri. Alikiziba bure kwa gundi na vumbi la mpingo huohuo, huoni kitu. Nilimwomba achonge jina lake chini, akafurahi kweli, anasema wanunuzi huwa hawamuulizi.

Bei laki tatu na nusu, nusu unatanguliza. Muulize fundi mpingo katoa wapi na kama una kibali, maana huo mti unaweza kuchukua miaka 70 na zaidi kukomaa na watu wanaukata kiholela, wakati Kilwa kuna vijiji vinavuna kwa mpango kwenye misitu yao na vilipata cheti cha FSC (cha kimataifa cha uvunaji mzuri wa misitu) mwaka 2009. Ukifika nacho nyumbani usikiweke juani wala karibu na feni, kipake mafuta kidogo mara mojamoja.