Programu ya stoo inayofunga matawi kila ukihifadhi: uzoefu wangu

Nauza spea za magari Kariakoo, na stoo yangu nzima imo ndani ya programu moja ya kompyuta. Jina silitaji, wenzangu waliouziwa wataijua. Upande wa kushoto kuna mti: Toyota, ndani yake Noah, ndani ya Noah miguu, na ndani ya miguu ndipo ukute bushi na shokapu. Unabofya kamshale, tawi linafunguka. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza kwenye bei. Andika bei mpya ya bushi ya mbele, bonyeza hifadhi, mti wote unajifunga pwa! Unabaki unatazamana na Isuzu, Mitsubishi, Nissan, Subaru, Suzuki, Toyota. Bushi ya nyuma ilikuwa mstari wa chini yake tu, lakini sasa uanze tena: Toyota, Noah, miguu, bushi. Na dola ikipanda hatubadilishi bei moja, tunapitia stoo nzima. Ni kama kuajiri kijana wa stoo anayefunga droo zote kila ukiinamisha kichwa kuandika.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Mama, hiyo siyo shida, mfumo unajirifreshi tu." Nikamwambia, mwanangu, nina mteja hapa kaunta anasubiri bei. Akanijibu, "Sasa mama, si ukibofya inafunguka?" Hata pole hakuna! Yaani nalipia kila mwaka ili niambiwe nibofye.

Aliyenielewesha ni mtoto wa dada yangu, anaandika programu. Kumbe ukihifadhi, mti wote unafutwa na kujengwa upya kutoka kwenye hifadhidata, na tawi jipya huzaliwa limefungwa. Dawa yake haina maajabu: kabla ya kufuta, programu iweke kando namba za utambulisho za matawi yaliyo wazi, ikishajenga iyafungue hayohayo. Au isifute chochote, irekebishe ule mstari mmoja uliobadilika. Akanionyesha pia kitufe cha nyota kwenye upande wa namba wa kibodi, ambacho kwenye Windows hufungua kila kitu kilicho chini ya ulipochagua. Nashukuru, lakini ukishafungua Toyota yote, hiyo Noah utaitafuta kwa tochi.

Haki yao niwape: risiti zinatoka safi, ripoti ya mauzo haijawahi kunidanganya, na umeme ukikatika nakuta kila kitu kipo. Ndiyo maana nilikuwa nimewapa nyota mbili. Juzijuzi likaja toleo jipya. Nikahifadhi bei, mti ukabaki wazi! Nilipiga kelele mpaka jirani wa duka akachungulia. Siku ile ile nikapandisha hadi nne.

Kisha nikaongeza Mazda. Nikahifadhi, Toyota ikajifunga, ikafunguka Suzuki ambayo wala sikuigusa. Mtoto wa dada akacheka sana: eti wanakumbuka nafasi ya mstari, wa sita kutoka juu, siyo kitu chenyewe. Mazda imeingia katikati, zote za chini zimesogea, programu inafungua wa sita wake bila kuuliza ni nani.

Kati ya zile nyota nne, tatu nimezitoa. Nimeacha moja, na hiyo ni ya risiti. Wakizigusa risiti nayo naichukua.