TAHADHARI: flashi za "sauti orijino za magemu ya DOS" zinazouzwa Kariakoo

Wakuu, kama umetumiwa tangazo la flashi yenye "sauti zote za magemu ya zamani, unachomeka unacheza", usitume hela. Mimi nimetoa 65,000 na nimeingizwa mjini. Tangazo bado linazunguka kwenye magrupu, na juzi nimeona mtu wa Mbagala anauliza kama zimebaki.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kompyuta, nyumbani Magomeni, kwenye mashine ya 486. Gemu letu lilikuwa Doom, ile iliyotoka mwaka 1993. Siku zote alikuwa akiitamani kadi ya sauti ya Gravis UltraSound, na hatukuwahi kuimudu. Mwezi huu anatimiza miaka 50, nikataka nimuwekee gemu lile kwenye laptop, muziki wake utoke kama ulivyotoka kwenye kadi ile.

Kwa wasioijua: kadi za AdLib na Sound Blaster za mwanzo zilitengeneza muziki kwa chipu ya Yamaha, ndiyo ule mlio wa kielektroniki tuliouzoea. UltraSound, ya mwaka 1992 kutoka kampuni ya Kanada, ilipakia sauti za ala zilizorekodiwa, kila ala na faili lake: kinanda, gitaa, tarumbeta. Hizo ndizo pachi, na majina yake huishia na .pat. Ukiweka pachi nyingine, muziki wa gemu lilelile unabadilika. Wengi tunajua hivyo tu. Faili lenyewe lilivyo ndani hatujawahi kuliangalia, na tapeli anapita hapohapo.

Tulikutana ngazini, kwenye jengo la maduka ya simu. Dukani hakutaka. Alinisikilizisha muziki mtamu kutoka kwenye simu yake, akasema, "Kaka, hizi zimetoka Japani, mjini ninazo mimi tu." Kisha akanisisitizia nizime antivairasi kabla ya kufungua SETUP, programu ya kusakinisha iliyomo kwenye flashi, eti antivairasi huwa inazikataa faili za zamani. Nilipaswa kuondoka palepale. Nililipa.

Usiku nikawasha gemu. Milio ya bunduki ipo, muziki hakuna kabisa. Nikafungua folda: faili 190, na zote zina ukubwa sawasawa, megabaiti 40 kila moja. Jamani, filimbi na ngoma zinalinganaje mpaka baiti ya mwisho? Na kadi yenyewe ilitoka na kumbukumbu ya kilobaiti 256, ukiiongezea sana inafika megabaiti 1. Pachi ya megabaiti 40 ingekaa wapi?

Nikaifungua ya kinanda kwa Notepad. Pachi halisi ya Gravis huanza na herufi GF1PATCH, zinasomeka kabisa hata kama kinachofuata ni takataka machoni. Hii ilianza na RIFF, na mbele kidogo WAVE. Ni faili la kawaida la sauti la Windows, limebadilishwa jina na kunakiliwa mara 190. Ukiuziwa SoundFont, aina nyingine ya faili za sauti za ala, yaani zile za .sf2, nazo huanza na RIFF, ila baada yake lazima uone sfbk. Ukaguzi huu unachukua dakika moja, ufanyeni mbele ya muuzaji kabla hela haijatoka.

Kuhusu ile SETUP: kuweka pachi hakuhitaji programu yoyote ya kusakinisha. DOSBox, programu ya kuchezea magemu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa enzi zile) kwenye kompyuta za sasa, inapatikana bure. Kwenye faili lake la mipangilio, sehemu ya [gus], unaandika gus=true, na ultradir unaielekeza C:\ULTRASND. Ndani ya folda hiyo unatengeneza folda ya MIDI, unamwaga pachi humo, halafu kwenye SETUP ya gemu lenyewe unachagua Gravis kwa upande wa muziki. Basi. Anayekwambia uzime antivairasi kwa ajili ya kinanda na gitaa ana shida nyingine na kompyuta yako.

Yangu niliijua kesho yake asubuhi. Akaunti yangu ya Facebook ikaanza kuwaandikia ndugu: "Naomba niazime 150,000, jioni narudisha." Siwezi kuapa kwamba ni SETUP ile, lakini hakuna kingine nilichoweka kwenye laptop wiki hiyo. Mama mdogo, yuko Tanga, alituma bila kuuliza, kwa kuwa ni mimi. Hiyo 65,000 nimeshaisamehe. Hela ya mama mdogo inaninyima usingizi.

Nimechukua RB polisi, na namba iliyopokea hela ya mama mdogo nimeiripoti kwenye 15040. Muuzaji amezima simu, ila tangazo limerudi na namba mpya na picha ileile ya flashi nyekundu. Kama unayo tayari, usiichomeke. Kama umeshafungua SETUP, toa laptop kwenye intaneti sasa hivi, badilisha nywila zako kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, na wapigie wazazi kabla hawajapokea ujumbe wa kuazima hela kwa jina lako.