Andalusia kwa begi la mgongoni: uzoefu wangu wa kusafiri kwa bajeti ndogo

Mwezi wa Juni nilizunguka Andalusia, kusini mwa Hispania, nikiwa na begi moja la mgongoni, nikilala hosteli na kusafiri zaidi kwa mabasi, kuanzia Málaga kupitia Granada, Córdoba na Sevilla hadi Cádiz kwenye mwambao wa Atlantiki. Naandika kwa ajili ya msafiri anayehesabu kila euro, na maoni yangu nayatoa mapema: katika Ulaya Magharibi sijaona kwingine ambako fedha kidogo zinafika mbali kiasi hiki, ila ni sharti ukubali kuishi kwa saa za wenyeji. Anayeng'ang'ania chakula cha mchana saa sita na cha usiku saa moja atalipa zaidi, tena atakula vibaya.

Kwa usafiri sina malalamiko mengi. Kutoka uwanja wa ndege wa Málaga, treni ya mjini inakufikisha katikati ya jiji kwa nauli isiyozidi euro 2. Kati ya mji na mji, treni za mwendo kasi ni nzuri, lakini bei yake hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, ilhali nauli ya basi haibadiliki sana hata ukikata tiketi asubuhi ya safari. Basi la Málaga hadi Granada linachukua chini ya saa mbili, lina kiyoyozi, na begi linawekwa kwenye buti bila malipo ya ziada. Jambo la kujua ni kwamba stendi ya Granada iko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya basi la mjini, hasa ukifika wakati wa jua kali.

Malazi yalinigharimu kati ya euro 20 na 35 kwa usiku, katika mabweni ya vitanda vya dabo deka. Granada ilikuwa nafuu, Sevilla ghali zaidi. Wakati wa Juma Kuu na wakati wa sherehe za Feria de Abril bei za Sevilla hupanda kupita kiasi, na mwenye bajeti ndogo afadhali asifike huko siku hizo. Hosteli niliyolala Sevilla ilikuwa safi na wahudumu wake wakarimu, ila kiyoyozi kiliwashwa usiku tu, na chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa lililopigwa na jua mchana kutwa. Mimi nimekulia Dar es Salaam na joto nalifahamu, lakini la kwetu linakulowesha jasho, na hili linakukausha midomo na macho. Julai na Agosti, Sevilla na Córdoba hupita nyuzi 40 za sentigredi mara kwa mara. Kabla ya kulipia kitanda, uliza kiyoyozi kinawashwa saa ngapi, na usome maoni ya wageni waliolala hapo Julai na Agosti, si ya waliokuja Februari na kusifia mwanga wa dirishani.

Kwa joto kama hilo, ile hoja ya kufuata saa za wenyeji inakuwa na uzito: matembezi yafanye asubuhi mapema. Msikiti wa kale wa Córdoba, ambao leo ni kanisa kuu, hufunguliwa bure kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na vikundi vyenye waongozaji haviruhusiwi saa hiyo. Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Mwislamu wa Córdoba, alianza kuujenga katika miaka ya 780, na mwaka 1236, mji ulipotekwa na Wakristo, ukageuzwa kanisa. Ndani kuna nguzo zaidi ya 800, nazo hazilingani: moja ya marumaru ya kijivu, jirani yake ya rangi ya waridi, vichwa vyake vimechongwa kwa mitindo tofauti, kwa sababu nyingi zilitolewa katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watu waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Juu yake yamepandishwa matao ya ngazi mbili, yenye mawe meupe na matofali mekundu kwa kupokezana. Nilisimama humo nikisikia nyayo tu. Muda wa bure ulipokaribia kwisha, walinzi walianza kutuelekeza mlangoni, na nje foleni ya wanaolipa ilikuwa imeshaanza.

Kuhusu chakula, mlo mkuu ule mchana, kati ya saa nane na saa kumi, kwenye migahawa inayotoa menú del día: sahani mbili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Mimi nilikuwa nikilipa euro 12 hadi 15, na usiku nilihitaji kidogo tu. Granada ina neema ya pekee, kwani baa nyingi humletea mteja kisahani cha chakula bila malipo kila anapoagiza kinywaji, hata kama ni soda. Shida ni kwamba kisahani hicho huchaguliwa na mhudumu, na mara nyingi kina nyama ya nguruwe. Hata salmorejo, supu nzito ya nyanya inayonywewa baridi, hunyunyiziwa vipande vya nguruwe juu. Asiyekula nguruwe aseme mapema kabisa. Mimi nilitegemea mchicha uliopikwa na dengu, biringanya za kukaanga zenye asali, na kule Cádiz samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi, niliowala ufukweni La Caleta huku upepo ukipuliza. Kwa Waislamu, Granada ina msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 katika mtaa wa Albaicín, na bustani yake inatazamana na Alhambra, ngome yenye kasri za kale za wafalme Waislamu.

Alhambra yenyewe ndiyo inayomsumbua msafiri anayetoka kwetu. Tiketi kamili huandikwa jina na namba ya pasipoti, ina saa maalumu ya kuingia kasri za Nasrid, ukoo wa wafalme hao, na huweza kwisha wiki kadhaa kabla. Wakati huohuo, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anasubiri viza ya Schengen, yaani ya kuingilia Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Fedha hizi ziingize kwenye bajeti kabla ya kuanza kulinganisha bei za vitanda. Hosteli chagua zinazoruhusu kughairi bila gharama, na viza ikichelewa hadi tiketi kamili zikaisha, tafuta ile ya bustani, kasri la mapumziko la Generalife na ngome ya Alcazaba, ambayo mara nyingi hubaki kwa muda mrefu zaidi.