Uzoefu wangu na viungio vya kutelezesha vya trela

Nina vichwa viwili vya malori na trela tatu zinazobeba mizigo kutoka bandari ya Kilindini, Mombasa, hadi mabohari ya Miritini na Mazeras. Trela hizo huachwa na kuchukuliwa mara kadhaa kwa siku, na kila mara ilibidi mtu apande juu ya chesi, yaani fremu ya chini ya kichwa, ajibane kati ya kebini na ukuta wa mbele wa trela, ndipo achomeke mipira ya upepo wa breki na waya za taa. Chesi huwa na grisi, na msimu wa masika grisi hiyo hupata maji juu yake. Mwaka jana utingo wangu aliteleza hapo akiwa amevaa ndara, akaanguka hadi chini na kuvunjika mkono. Miezi minane iliyopita nilinunua viungio vya kutelezesha, nikavifunga kwenye trela moja ili nivijaribu kwanza.

Kifaa chenyewe hakina mambo mengi. Ni reli inayokazwa kwa bolti kwenye ukuta wa mbele wa trela, nayo hubeba kibao cha chuma chenye kiungio chekundu, ambacho hupitisha upepo wa kujaza matangi ya breki ya trela, kiungio cha manjano cha breki ya mguu, pamoja na soketi za umeme wa volti 24. Dereva husimama chini, huvuta kibao hadi ukingoni mwa trela, huchomeka kila kitu kwa utulivu, kisha hukisukuma kirudi katikati mpaka komeo lijifunge. Kurudisha katikati si mapambo, kwa sababu mipira ikibaki pembeni, kichwa kikikata kona kali itavutika na huenda ikakatika. Kwa kazi hiyo nakisifu bila kusita, kwani tangu tukifunge hakuna aliyelazimika kupanda chesi ili kuunganisha trela ile, isipokuwa siku kilipokwama.

Kilikwama mwezi wa tatu. Hewa ya bahari ilikuwa imeanza kula bolti, nasi kwa kutojua tulikuwa tumeipaka reli grisi nzito, ambayo ilikusanya vumbi la klinka, malighafi ya saruji, kutoka bandarini na kuwa ngumu kama saruji. Dereva alikipiga kibao teke, kisha akapanda juu kama zamani. Sasa tunaisafisha reli kwa maji baridi kila wiki na kuipangusa kwa mafuta mepesi, na bolti nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, ambazo kwa maoni yangu zilipaswa kuja na kifaa tangu mwanzo kwa bei niliyolipa.

Jambo zito zaidi muuzaji hakulitaja kabisa. Mpira mwekundu ukichomolewa, trela hujifunga breki yenyewe. Ukichomekwa tena, upepo unarudi na breki hizo zinaachia. Ikiwa breki ya kuegesha ya trela haikuvutwa na ya kichwa pia imesahauliwa, gari zima liko huru. Yadi yetu ina mteremko mdogo, na siku moja gari lilisogea kama hatua mbili huku dereva akiwa amesimama chini, karibu kabisa na tairi za nyuma za kichwa. Kifaa hiki kimemshusha mtu kutoka mahali pa kuteleza kikamweka mahali pa kukanyagwa, wala hakina namna ya kujua kama breki imevutwa. Tangu siku hiyo dereva haruhusiwi kugusa kibao kabla utingo hajaweka vigingi kwenye tairi na kuikagua breki ya trela kwa mkono wake.

Nimeagiza kingine kwa trela yangu ya pili, ambayo nayo ina ukuta wa mbele. Ile ya tatu ni ya mifupa mitupu ya kubebea makontena, haina pa kukazia reli mpaka fundi achomelee fremu, na bei aliyonitajia imenifanya ningoje kwanza.